Jiliwa la Bei Nafuu



Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Katika madarasa yetu ya Mtoni, Temeke, wamo mafundi wenye karakana ndogo nyumbani. Wanachonga vipuri. Wanatengeneza bawaba na komeo. Chombo wanachokitegemea sana ni jiliwa. Wengi huliita vaisi.

Jiliwa hushika chuma ili mikono yako iwe huru kufanya kazi. Jiliwa likilegea, chuma huchomoka. Tupa huteleza na kuumiza vidole. Fundi aliyeumia vidole hana kazi, na watoto wanataka kula.

Jiliwa bora ni ghali. Wengi wetu hununua la bei nafuu. Usilidharau. Mara nyingi kasoro yake ni kwamba halikumaliziwa vizuri kiwandani. Unaweza kulimalizia mwenyewe.

Kwanza, lipime. Chana vipande viwili vya karatasi ya daftari. Weka kimoja kati ya taya, upande wa juu. Weka kingine upande wa chini. Kaza, kisha vuta. Kama cha juu kinatoka na cha chini kimeshikwa, taya inainuka. Sababu yake ni nafasi iliyopo kati ya mkono unaoteleza na tundu lake.

Pili, lifungue. Safisha mchanga na vumbi la chuma. Ondoa makali kwa tupa. Kata ukanda mwembamba wa bati, uuweke kwenye ile nafasi. Kunja ncha zake ili usichomoke. Mkono uendelee kuteleza, lakini usicheze.

Tatu, paka grisi kwenye skrubu. Weka washa mahali skrubu inaposukuma taya. Hapo utakaza kwa nguvu kidogo.

Nne, kunja vipande viwili vya bati la alumini, uvivike taya. Meno ya taya hayataacha alama kwenye kazi ya mteja.

Tano, lifunge kwa bolti zinazopenya ubao mnene wa meza. Misumari haitoshi. Sehemu ya juu ya taya iwe sawa na kiwiko chako unaposimama. Mgongo hautauma.

Kumbuka jambo moja. Majiliwa mengi ya bei nafuu ni ya chuma kilichomiminwa katika kalibu. Chuma hicho ni kigumu, lakini hupasuka kama chungu. Usipige mpini kwa nyundo. Usiurefushe kwa bomba. Kaza kwa mkono tu.

Ukikwama, uliza. Chuo cha VETA kipo Chang'ombe, humo humo Temeke. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wenye karakana kama yako.

Leo jioni chukua karatasi mbili, ukapime jiliwa lako. Karatasi itakuambia ukweli kabla kidole hakijaumia.