Fungate ya Pangani yataka kalenda ya mwezi

Msomaji mpendwa, ikiwa u miongoni mwa wale wanaojiandaa kuoa au kuolewa mwaka huu, bila shaka umekwisha kuketi na kamati, ukahesabu michango, ukabishana juu ya ukumbi, pilau na gari la kupambwa maua. Fungate aghalabu huachwa nyuma, kama kwamba ni ukoko wa shughuli: kikibaki kitu katika bahasha, maarusi watakwenda mahali; kisipobaki, basi. Makala haya yanaihusu hiyo fungate, pamoja na mji mdogo wa mwambao ambao wasafiri wengi huupita pembeni wakikimbilia Unguja. Mji huo ni Pangani.

Wazee wetu wa pwani hawakuisafiria fungate. Zilikuwa siku saba za kukaa ndani. Chakula kililetwa kutoka kwa jamaa za bibi arusi, somo aliingia na kutoka, na bwana arusi hakwenda shamba wala baharini. Desturi ya kufunga mizigo na kuondoka imekuja baadaye, nayo imeshika nguvu ulimwenguni kote. Huko Marekani wako maarusi ambao huipeleka fungate yao katika bustani kubwa za michezo za Walt Disney, ya kwanza iliyofunguliwa California mwaka 1955, na ile ya Florida iliyofuata mwaka 1971. Huko kasri ni la kuigiza, mto umechimbwa kwa mashine, na mamba anayefumbua kinywa kando ya mashua naye ni mashine.

Nimewataja mamba hao kwa sababu ndio walioanzisha ubishi baina ya vijana wawili ninaowafahamu, wakazi wa Dar es Salaam. Mwanamume ni fundi katika kiwanda cha nguo. Mchumba wake ni mwuguzi. Binamu wa kijana alioa akiwa ng'ambo, akaleta picha za fungate yake huko Florida, na tangu siku ile kijana hakupata usingizi. Florida haifikiki kwa mshahara wa fundi, hilo alilijua. Akapendekeza waende angalau kwenye bustani ya michezo ya maji kule Kunduchi, wateleze katika mabomba yale, wapige picha. Mchumba wake hakukataa. Alisema tu kwamba Kunduchi wataweza kwenda Jumapili yoyote hata wakiwa na watoto watatu, bali fungate haiji mara ya pili. Yeye alitaka mto wenye mamba wa kweli, mradi wakae mbali.

Mto wenyewe ni huo wa Pangani. Maji yake huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakajikusanya katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme njiani, hata yakafika baharini yakiwa mazito na ya rangi ya chai ya maziwa. Mji umekaa ukingo wa kaskazini, na Bweni iko ng'ambo, chini ya kilima. Kwa miaka mingi watu, baiskeli, magunia na magari vimevushwa kwa pantoni. Daraja kubwa lilianza kujengwa katika miaka hii ya 2020, sehemu ya barabara ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani. Mimi nafurahi kwa ajili ya mgonjwa anayehitaji kuvushwa usiku wa manane. Hata hivyo nakiri kwamba maarusi waliosimama juu ya pantoni, upepo ukivuta mtandio, ni kitu ambacho daraja haliwezi kukitoa.

Kutoka Tanga mjini ni mwendo wa kilomita 50 hivi kuelekea kusini, baina ya minazi na mkonge. Utakapouona mkonge huo, kumbuka kwamba hapa ndipo ulipoanzia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche iliyoagizwa kutoka Florida, ile ile Florida ya binamu. Ilinunuliwa 1,000, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyowatoa watu makwao kutoka kila pembe ya nchi, na huenda babu yako, msomaji, alikuwa mmoja wao.

Katika mji wa kale zipo nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi, nyingi zimechoka kwa chumvi. Lipo Boma. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliishia hapa katika karne ya 19, na ni hapa Pangani ambapo Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim tarehe 15 Desemba, 1889, baada ya vita alivyowapiga tangu mwaka uliotangulia. Shaaban Robert naye aliwahi kuwa karani wa forodha katika mji huu. Asubuhi moja yatosha kuyaona hayo yote kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Mchana mtaagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka, au bada kama ninyi ni watu wa kujaribu vya wenyeji, na jioni mtapanda mashua mkapandisha mto baina ya mikoko.

Sasa tufike kwenye jambo lililowatoa jasho vijana wetu. Bibi arusi alikwisha kusikia habari za Maziwe, na alisema kama hafiki Maziwe heri abaki kwao.

Maziwe ni kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Pangani, kilomita zisizozidi kumi kutoka nchi kavu. Hapo zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda ufukweni kutaga mayai kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ilikuwa ikikila. Miti ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukubaki hata mmoja. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe, limezungukwa na matumbawe na samaki wa kila rangi, nalo ni eneo la hifadhi. Maji yakijaa, kisiwa hutoweka chini ya bahari. Yakipwa, hutokea tena. Kasa wangali wanakuja kutaga pale pale walipozoea mama zao, na mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo na watu wa uhifadhi ili bahari isiyachukue.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hapa huendi siku uitakayo wewe. Utakwenda siku itakayotakiwa na maji. Mwezi ukiandama na ukitimia, bahari huwa katika bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na katika mwambao wetu maji hayo ya bamvua hufika mwisho wa kupwa yapata saa nne au saa tano ya asubuhi. Ndio wakati mzuri wa kushuka Maziwe. Juma moja baadaye ni maji mafu. Hapo saa zimegeuka: asubuhi ile ile bahari imejaa, na kupwa kwenyewe ni kudogo, tena kwa kuelekea magharibi. Ukienda siku hiyo utazunguka juu ya mchanga usiouona.

Vijana walikuwa wameiweka arusi Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, kama tufanyavyo sote. Shangazi wa bibi arusi, ambaye bila yeye hakuna neno linalopita katika ukoo ule, alikuwa amekataa safari kabisa. "Fungate si matembezi, mwanangu," alisema. "Bibi arusi hachanganywi na abiria." Baada ya kubembelezwa kwa majuma mawili alilegeza: siku tatu watakaa ndani kama desturi, apeleke chakula yeye mwenyewe, zilizosalia wajifanyie watakavyo. Basi wangeoa Jumamosi, wangeondoka Jumatano, na Alhamisi wangekwenda Maziwe. Walipofungua kalenda wakakuta Alhamisi hiyo itaangukia siku ya tisa ya mwezi mwandamo. Maji mafu.

Dawa ilikuwa moja: kuisogeza arusi mbele juma moja, Alhamisi iwe siku ya kumi na sita. Ni jambo jepesi kulisema. Mama mzazi wa kijana alishika kichwa. Juma moja baada ya mishahara, alisema, michango yote itakuwa imekwisha kuliwa na kodi ya nyumba na duka la jirani, na arusi itapikwa maharage. Naye hakukosea, maana mfanyakazi anajua hesabu hiyo kuliko mchumi yeyote. Kijana alianza kuyumba, akataja Kunduchi tena. Kwa siku nne wachumba hawakusemezana.

Aliyewapatanisha, usishangae, ni shangazi yule yule. Alipoambiwa sababu ni mwezi alicheka, akauliza ni lini watu wa pwani walianza kuoana kwa kufuata mishahara. Enzi zake, alisema, arusi zilingoja Mfungo Mosi na mwezi ulio mpevu, watu wapate kurudi makwao usiku pasipo taa. Akapendekeza michango ikusanywe siku ile ile ya mishahara, ikae kwake, na wali usinunuliwe kwa ahadi. Mama alikubali kwa shingo upande.

Nimeliona daftari lao. Wameandika nauli ya basi hadi Tanga na ya kutoka Tanga hadi Pangani, kukodi mashua ya mto, mashua ya Maziwe pamoja na ada ya hifadhi, chumba usiku tatu. Kunduchi imeandikwa mwishoni kwa kalamu nyekundu, mbele yake alama ya kuuliza. Niliwashauri waongeze mwavuli na maji ya kunywa ya kutosha, kwa kuwa Maziwe hakuna kivuli hata cha kukalia paka, na wamwulize nahodha jioni ya Jumatano, wala wasingoje asubuhi, saa ya kuondoka. Bibi arusi hajui kuogelea. Bwana arusi anasema anajua, lakini alijifunzia katika mto wa kwao Kilosa, na bahari hajaiingia zaidi ya magoti. Wamekwisha kuandika maboya mawili, na shangazi ameagiza aletewe mchanga wa Maziwe katika chupa, apate kuamini kwamba walifika.