Kutoka Kibaha hadi Kisarawe: siasa za London na mpaka wa wakfu wetu

 

Ndugu msomaji, mwanzoni mwa Rabiul Awwal mwaka 2025 tulifunga safari ya siku moja kutoka Kibaha kwenda Kisarawe. Hatukwenda kwa matembezi. Kamati ya msikiti wetu ilikuwa imepokea habari kwamba katika shamba la wakfu lililo nje kidogo ya mji wa Kisarawe vimeonekana vigingi vipya, vimepakwa rangi nyekundu, na hakuna aliyejua kwa hakika nani amevisimika. Shamba hilo alilitoa mzee mmoja, Allah amrehemu, zamani kabla wengi wetu katika kamati hatujazaliwa. Korosho zake ndizo zinazosaidia kununua misahafu ya madrasa na sanda za maiti wasio na jamaa.

Tulipofungua daftari la kamati ili tuchukue waraka wa wakfu huo, hatukuuona. Tulipekua kabati, tukapekua sanduku la zamani lililokuwa chini ya mimbari, tukaambulia stakabadhi za saruji na orodha za michango ya Ramadhani. Kila mtu alijua kuwa shamba ni la msikiti, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyeandika. Tukaambiwa kuwa aliyebaki hai miongoni mwa walioshuhudia ni mzee mmoja wa huko Kisarawe, karani mstaafu, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Basi tukaenda kumtafuta.

Kibaha na Kisarawe ni wilaya mbili za Mkoa mmoja wa Pwani, lakini hazifanani. Kibaha imelala juu ya Barabara ya Morogoro, na usiku na mchana malori ya kwenda bara hayaikomi. Hapa ndipo makao makuu ya mkoa yalipo. Hapa ndipo nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilipotusaidia katika miaka ya 1960 kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, nacho ndicho Shirika la Elimu Kibaha tulijualo leo. Kisarawe, kwa upande wake, imekaa juu ya vilima nyuma ya Pugu, nchi ya Wazaramo, ya mikorosho, mihogo na miembe, na barabara yake huishia kwenye utulivu.

Tuliondoka Maili Moja baada ya Swala ya Alfajiri. Tukateremka Mbezi, tukabadili gari kwenda Gongo la Mboto, na kutoka hapo tukapanda nyingine ya Kisarawe. Baada ya Pugu barabara huanza kupanda, hewa hupoa, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi huonekana kwa kijani kilichoiva. Mtu aliyetoka kwenye joto na kelele za Gongo la Mboto hushangaa kuwa mwendo mfupi namna ile waweza kumbadilishia nchi.

Kuna jambo jingine linaloziunga wilaya hizi, nalo halionekani kwa macho. Maji yanayosafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, hupita kwetu Kibaha yakaelekea Kibamba, na tangu mwaka 2020 husukumwa kutoka Kibamba hadi vilimani Kisarawe, mji uliokaa na kiu miaka mingi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba twatia udhu kwa maji ya mto mmoja.

Tulimkuta mzee wetu barazani kwake, chini ya mkorosho, redio ndogo imeegemezwa kwenye mguu wa kiti.

"Shikamoo mzee. Assalaamu alaykum."

"Waalaykumu salaam warahmatullah. Marahaba, wanangu. Ketini. Mmetoka Kibaha? Taka za Birmingham mmezisikia?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumekuja na suala la vigingi, naye anatuuliza habari za taka za Uingereza. Lakini adabu ya mgeni ni kusikiliza, basi tukasikiliza.

Mzee huyu amekuwa akisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC tangu ujana wake, karibu tangu ilipoanza kutangaza mwaka 1957, wakati nchi hii ingali chini ya Mwingereza. Alituambia kuwa alianza kuwafuatilia wakubwa wa London walipokuwa wakimtawala, na walipoondoka Desemba 1961 hakuona sababu ya kuacha. "Walituandika miaka arobaini," alisema. "Nami nawaandika." Akatuonyesha madaftari yake. Ndani yake mlikuwa na majina ya mawaziri wakuu wa Uingereza na tarehe zao. Mle tuliona kuwa tangu kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Juni 2016, hadi uchaguzi wa Julai 2024, watu sita wamekalia kiti kile, na mmoja wao, Liz Truss, alikaa siku 49 tu.

"Siku arobaini na tisa!" alisema. "Eda ya mjane ni ndefu kuliko utawala wake."

Alipofika kwa Rishi Sunak alitabasamu. Alitukumbusha kuwa baba yake bwana yule alizaliwa Kenya, na mama yake alizaliwa hapa hapa Tanganyika. "Watoto wa maduka ya Kihindi ya kwetu wamekwenda kuwatawala waliotutawala. Allah humpa ufalme amtakaye." Hata hivyo hakuwa mshabiki wa bwana huyo, wala wa Keir Starmer aliyemrithi. Aliwalaumu wote wawili kwa habari ya Gaza, na alisema kuwa Waislamu wa Leicester walifanya jambo la maana mwaka 2024 walipomsaidia mgombea binafsi, Shockat Adam, mzaliwa wa Malawi, kumwangusha mtu mkubwa wa chama cha Labour kwa kura zisizofika elfu moja. "Hawakuchoma tairi," alisema. "Walijiandikisha, wakahesabu, wakapiga kura."

Alikisifu sana kipindi cha maswali cha Jumatano, ambapo waziri mkuu husimama bungeni akaulizwa na wapinzani wake mbele ya ulimwengu. Tukamuuliza: na hapa kijijini, mwenyekiti huulizwa? Mzee alinyamaza kidogo. Sheria, alisema, yataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Wakati mwingine hauitishwi. Na ulipoitishwa mara ya mwisho, ajenda ilikuwa ni upimaji wa mashamba.

"Ulihudhuria, mzee?"

"Siku ile kulikuwa na habari kubwa kutoka London," alijibu, akaitazama redio yake.

Hatukucheka. Nasi siku ile hatukuwako, ingawa shamba ni letu. Hatukujua hata kama mkutano upo. Mzee alikuwa na habari za mbali akakosa za karibu, nasi tulikosa zote mbili.

Hapo ndipo alipoturudisha Birmingham, na tukaanza kuona anakotupeleka. Mji ule ni mkubwa, na katika kila wakazi kumi, takriban watatu ni Waislamu. Mwaka 2023 halmashauri yake ilitangaza kuwa haiwezi tena kumudu matumizi yake. Mwaka 2025, tangu mwezi Machi, wazoa taka wake walikuwa kwenye mgomo mkubwa kwa sababu ya ujira na vyeo, na maelfu ya tani za taka yalirundikana mitaani, panya wakapata karamu. "Nchi ina ndege za kivita na meli za nyuklia," alisema mzee, "lakini mwenye nyumba anataka kujua taka zake zitazolewa lini. Siasa yote mwisho wake ni mlangoni kwako."

Tulifikiri juu ya dampo lisilo rasmi lililo hatua chache kutoka kwenye uzio wa msikiti wetu Kibaha, ambalo kila Ijumaa tunalilalamikia tukivaa viatu, na kila Jumamosi tunalisahau.

Kisha akatusimulia habari ya Southport, na sauti yake ikabadilika. Julai 2024, baada ya watoto watatu wa kike kuuawa kwa kisu katika mji ule, ulienezwa uongo kuwa muuaji ni Mwislamu mgeni. Kundi la watu likauvamia msikiti wa mji, likarusha matofali na kubomoa ukuta. "Nilisikiliza usiku ule sikulala," alisema. "Lakini kulipokucha mlisikia kilichotokea? Majirani wa msikiti, wasio Waislamu, walikuja na mifagio na saruji. Waliujenga ukuta. Hakuna waziri aliyewaamuru. Jirani, wanangu. Jirani!"

Ndugu msomaji, nani kati yetu asiyeijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba Jibril aliendelea kumuusia juu ya jirani hadi akadhani kuwa jirani atarithishwa? Twaisoma mimbarini. Mzee yule aliisikia kwenye taarifa ya habari kutoka mji wa Makafiri, kama baadhi yetu tunavyopenda kuwaita, na aliitambua.

Alipomaliza, alichukua bakora yake. "Sasa twendeni kwenye shamba lenu."

Njiani alitueleza kwa nini anawaheshimu Waingereza kwa jambo moja na kuwalaumu kwa jambo lile lile. Mwaka 1923 waliandika sheria iliyosema kuwa ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, iko chini ya mamlaka ya Gavana. Wazee wetu walikuwa wakilima na kuzikana katika ardhi hiyo, wanaijua mipaka yake kwa mti na kwa jiwe, lakini hawakuwa na karatasi. "Mwenye karatasi humshinda mwenye kumbukumbu," alisema. "Kumbukumbu hufa na mtu. Mimi ndiye karatasi yenu, na mnaona nilivyochakaa."

Maneno haya yalituchoma, kwa sababu hatukuhitaji Mwingereza atufundishe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, yatuamrisha kuandika tunapokopeshana, liwe deni dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Sisi tuliohitimu vyuo vya dini twaihifadhi aya hiyo kwa irabu zake zote, na kabati la msikiti wetu halina hata ukurasa mmoja wa shamba la wakfu.

Tulifika. Mzee alianzia kaskazini, kwenye mwembe mkubwa wenye kovu la moto. Akatembea polepole, akihesabu kwa midomo, hadi kwenye jiwe lililozama nusu ardhini. Upande wa mashariki aliupata bila shida. Upande wa kusini alisimama. Mkorosho aliokuwa akiutafuta haukuwako. Vigingi vyekundu vilikuwa vimepita pale pale, na mzee alianza kusitasita. Alionyesha huku, akarudi huku. Tuliona hofu machoni mwake, hofu ya mtu anayegundua kuwa kumbukumbu inamponyoka mbele ya wanaomtegemea.

Wakati huo alitoka jirani wa upande wa kusini, mwanamke mtu mzima, ana rozari shingoni. Akamwamkia mzee, akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia, alikwenda moja kwa moja kwenye kichaka, akafyeka kwa panga lake, likaonekana gogo la mkorosho uliooza. "Huu ulianguka kwa upepo," alisema. "Marehemu mume wangu alinikataza kulima kupita hapa. Alisema ng'ambo ni mali ya Mungu ya Waislamu." Kigingi kilikuwa hatua ishirini na tatu ndani ya wakfu.

Hatukuwa na ugomvi naye, wala si yeye aliyekisimika. Hatukumlaumu mtu yeyote siku ile, kwa kuwa hatukumjua wa kumlaumu, na kwa kuwa lawama ya kwanza ilikuwa yetu. Tuliketi chini ya mwembe tukaandika. Tuliandika mwembe, jiwe, gogo na njia ya miguu. Tuliandika hatua kutoka alama hadi alama. Tuliandika jina la mtoa wakfu na lengo lake. Mzee alitia sahihi kwa mwandiko mzuri wa kikarani. Mama yule alitia dole gumba. Mwishoni tulitia sisi. Nakala moja tumeipeleka ofisi ya kijiji pamoja na ombi la kusikilizwa kwenye mkutano mkuu ujao. Shauri lenyewe bado halijaamuliwa, nasi twaomba dua zenu.

Tulipoagana, mzee alituuliza mkutano huo utakuwa lini. Tukamwambia tutakuja kumchukua. Akasema hapana haja, atatangulia. Na redio, akasema, ataiacha nyumbani.

Ndugu zetu wa kamati za misikiti, Pwani na kwingineko: fungueni makabati yenu wiki hii. Mkikuta wakfu hauna waraka, mtafuteni mzee angali hai, na mtafuteni jirani, awe wa dini yoyote. Nendeni na kalamu. Na mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa, mwende.

Wabillahi tawfiiq.