Pampu Niliifungua Mimi

Injini ya Fuso langu haikuuawa na dereva. Niliiua mimi, kisha nikamtwika yeye lawama. Na kwa kuwa lawama ile niliitangaza mbele za watu, pale wanapokaa wenye malori Korogwe, ukweli nao sina budi kuusema mbele za watu.

Gari lilikuwa na 6D16, silinda sita, lita 7.5, bila tabo. Ni injini ngumu kweli. Malori ya mahindi Handeni yamezeeka nayo, vumbi na jua vyote juu yake, mradi ibadilishiwe oili na filta kwa wakati. Kwa mzigo wa lori peke yake ilinitosha kabisa. Nikapata kazi ya kupeleka marobota ya katani Tanga, na mahindi ya Handeni wakati wa mavuno, nikanunua tela. Hapo ndipo nilipotakiwa kujiuliza habari ya injini. Mimi nikahesabu mizani tu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne isizidi tani 10, na ile ya usukani tani 8. Nikapanga mzigo, mizani ikanipitisha, nikajiona nimemaliza. Mizani haiulizi kama injini inaweza kuuvuta huo mzigo.

Njia ya Handeni haina kona za Soni kupanda Lushoto, ila ina miinuko mifupi inayofuatana, na mwenye tela hajarudisha kasi aliyoipoteza huku, tayari yuko kwenye mwinuko mwingine. Gari likawa linapanda kwa gia ndogo, dizeli inakwenda. Dereva wangu, mtu mzima kuliko mimi, akaniambia, "Tajiri, mzigo umelizidi. Tuache tela, au utafute gari lenye injini ya kuvuta." Nilimwona mvivu. Injini aliyoisema naijua: Scania 113 ina lita 11 na tabo ya kiwandani, imeundwa kwa tela tangu mwanzo. Sikuwa na fedha yake, na sikutaka kukiri kwamba sina.

Nikalipeleka gari kwa fundi wa pampu. Ubavuni mwa pampu ya dizeli kuna skrubu inayoweka mwisho wa dizeli, kwamba hata dereva akanyage mpaka chini, haitapita zaidi ya hapo. Imefungwa waya mwembamba wenye lakiri ya risasi. Yule fundi aliushika ule waya kwa koleo, akanitazama, akaniambia, "Mzee, hii haikufungwa bure." Nikamwambia akate. Dereva siku hiyo alikuwa kwake, amepumzika. Aliporudi sikumwambia kitu.

Safari za mwanzo gari lilipanda vizuri hata nikajisifu. Moshi mweusi ulikuwa mwingi, nikasema ndiyo nguvu yenyewe. Laiti ningeuliza! Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa inasindikwa na pistoni mpaka inakuwa na joto la kuiwasha dizeli yenyewe. Kilo moja ya dizeli inataka kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kiwandani huacha hewa zaidi ya hapo kwa sababu dizeli haichanganyiki sawasawa ndani ya silinda. Bila tabo ya kusukuma hewa ndani, hewa ni ile ile ambayo pistoni inaweza kuvuta. Nilipoongeza dizeli sikuongeza hewa. Ule moshi ilikuwa dizeli niliyoilipia, ikitoka nje bila kufanya kazi. Iliyoungua nayo ilichelewa kuungua, moto ukabaki juu ya pistoni mwinuko mzima. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Dizeli ya ziada ikaosha oili kwenye silivu, ukuta wa silinda ambamo pistoni inapita.

Dereva asingeweza kujua. Geji ya kwenye dashibodi inapima joto la maji, na maji yalikuwa salama karibu siku zote.

Gari likazima likiwa na mahindi ya Handeni. Kabla halijafunguliwa nilikwisha kusema kwamba dereva amechemsha injini akanificha. Nikamkata mshahara, nikamfukuza, nikawaambia wenzangu wasimpe gari. Silinda hedi ilipotoka, pistoni mbili zilikuwa zimeliwa ukingoni, vidonge vya aluminiamu vimeganda kwenye nozo, silivu zina michirizi ya kunasa ukucha. Fundi wa Korogwe aliyeifungua injini hakunena habari ya dereva. Aliinama, akapapasa pampu mahali pa waya, akauliza, "Lakiri iko wapi?"

Nilinyamaza. Na hata baada ya kujua, niliendelea kunyamaza muda mrefu, mtu akiwa nyumbani hana kazi. Hilo la kunyamaza linaniuma kuliko gharama ya ovaholi.

Pampu imerudishwa kipimo cha kiwandani, tela nimeuza, gari linabeba mzigo wake tu na dizeli imeshuka. Kwa dereva nilikwenda mwenyewe. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya skrubu kuanzia mwanzo, nikamrudishia mshahara niliomkata. Alizipokea fedha. Kazi kwangu akaikataa, na ana haki. Kisha nikawazungukia wale niliowaambia wasimpe gari. Mmoja wao aliniambia kwamba dereva yule alimfuata kuomba kazi, na kwamba alimkatalia kwa sababu ya neno langu. Nikamwomba ampigie simu pale pale, nami nikasikia akimwambia sababu, kwa jina langu.