Kutoka Karabai hadi Leseni

Barabara ya Cleveland Avenue inaupasua mtaa wa Linden, jijini Columbus, Ohio, halafu inanyooka kaskazini hadi Westerville. Tangu 2018 basi la CMAX hupita humo, na kwa familia isiyo na gari basi hilo ndilo miguu. Ukilifuata hadi karibu na Westerville utakuta hifadhi ya Sharon Woods, na ndani yake ziwa dogo liitwalo Schrock. Kanuni ya ziwa hilo ni ya aina yake: wanaoruhusiwa kuvua ni watoto wa miaka 15 kushuka chini na wazee wa miaka 60 kwenda juu. Waliobaki katikati ni watazamaji.

Mzee mmoja wa Linden, mzaliwa wa Baraka katika Kivu Kusini nchini Kongo, husema hiyo ndiyo sheria ya Marekani aliyoielewa bila mkalimani. Ina mzee, ina mtoto, ina maji. Lakini mpaka kuifikia kanuni hiyo, uvuvi aliokulia ulikwisha kugeuka mara kadhaa mikononi mwake.

Baraka iko ukingoni mwa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Huko hakuna aliyekwenda kuvua ili kupumzika. Kuvua kulikuwa kazi ya usiku, na kupumzika kulikuwa kazi ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake humwagika ziwa zima na taa za wavuvi hukosa maana, samaki wadogo waitwao ndagala hawakusanyiki. Basi siku hizo wanaume walibaki ufukweni kushona nyavu na kuziba mitumbwi, wakingoja giza lirudi.

Giza liliporudi, mitumbwi ilitoka jioni ikiwa na karabai zilizojazwa mafuta. Taa zilining'inizwa juu ya maji, wavu ukashushwa chini kabisa. Vijidudu vya majini hufuata mwanga, ndagala huvifuata vijidudu, na mikebuka, samaki wakubwa zaidi, huwafuata ndagala. Kazi ya mvuvi ilikuwa kusubiri msafara wote huo ujipange juu ya wavu, ndipo wanaume wauinue kwa pamoja. Mzee anakumbuka zaidi sauti: mluzi wa karabai, na mvua ndogo ya ndagala wakirukaruka ndani ya mtumbwi. Alfajiri akina mama walikuwa wameshafika na mabeseni, bei ikapangwa mitumbwi ikiwa bado majini, na jua lilipopanda samaki walikuwa wametandazwa mchangani wakikauka. Ada ya shule ilitoka humo. Dawa ilitoka humo. Mahari pia.

Vita vya 1996 vilikata kazi hiyo. Familia nyingi za maeneo ya Fizi na Uvira, upande uleule wa ziwa, zilivuka usiku kwa mitumbwi ileile ya kuvulia zikaingia Kigoma, Tanzania, na zikapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Kambi iko bara, mbali na ufuko, na mkimbizi hatoki bila kibali. Watoto waliozaliwa humo walimjua samaki akiwa mkavu, ndani ya kopo la kupimia, sokoni. Ukimuuliza mtoto wa aina hiyo samaki hutoka wapi, angekutajia jina la muuzaji.

Kisha ukaja mpango wa kuhamishiwa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Wakongo zaidi ya 16,000 walipokelewa nchini humo, wakawa kundi kubwa kuliko lolote mwaka ule. Mashirika ya kupokea wakimbizi yaligawa familia kwa kufuata nafasi zilizokuwapo, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja waliweza kuangukia majimbo matatu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee huyu: yeye Columbus, mdogo wake Louisville huko Kentucky, dada yao Buffalo katika jimbo la New York. Miji yote mitatu ina maji, na yote mitatu ilipokea watu wa Maziwa Makuu ya Afrika. Simu zao za mwanzo, baada ya salamu na habari za baridi, ziliishia kwenye samaki.

Ni mdogo mtu ndiye aliyepiga akiwa na la kushangaza. "Kaka, huku wanamtoa, wanampiga picha, wanamrudisha majini."

"Amekufa?"

"Mzima! Wanambusu, wanamwachia."

Louisville, kama alivyokuja kugundua yule mdogo mtu, ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi maziwa ya bustani yanavyoendeshwa. Mwaka 2006 idara ya samaki na wanyamapori ya Kentucky ilianzisha mpango wa uvuvi mitaani, unaojulikana kwa kifupi kama FINs, kwa hesabu rahisi: watu wa mjini hawana muda wala usafiri wa kufuata maziwa makubwa, basi samaki wafuate watu. Leo mpango una maziwa zaidi ya 40 katika jimbo zima. Louisville kuna ziwa la Waverly Park, la Watterson, na Tom Wallace lililomo ndani ya msitu wa Jefferson Memorial. Majira ya joto lori huleta kambare wakubwa wa kuliwa. Majira ya baridi huleta trauti. Kibao kilicho ukingoni kinataja kiwango cha mtu mmoja kwa siku: kambare 4, trauti 5, bass 1 tena asipungue inchi 15, na samaki wadogo wa jamii ya bluegill 15.

Kambare wanne! Mtu aliyezoea kupima samaki kwa mabeseni huona hapo dhihaka. Lakini hesabu ina sababu. Ziwa la bustani mara nyingi halizidi ukubwa wa viwanja vichache vya mpira, limechimbwa au limezibwa, na samaki wake wakubwa hawazaliani kwa kasi ya kuwatosha wanaokuja na ndoano. Wanaletwa. Kama watu wawili wa mwanzo wangebeba wote Jumamosi asubuhi, Jumapili wengine wangevua maji matupu.

Columbus ndiko mzee alikokutana na leseni. Ohio humtoza mkazi wa jimbo dola 25 kwa mwaka, na mtoto aliye chini ya miaka 16 halipi kitu. Kwa mtu aliyetoka nchi ambako kila mwenye sare hubuni ushuru wake kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi ya kuruhusiwa kutupa ndoano ilinuka jambo analolifahamu. Tofauti ni kwamba hapa njia ya fedha inafuatika. Fedha za leseni huendesha idara ya wanyamapori: vituo vya kutotoleshea vifaranga, malori ya kupandikiza, askari wa doria. Juu yake kuna sheria ya bunge la Marekani ya 1950, inayotoza kodi inayofika asilimia 10 kwenye fimbo za kuvulia, ndoano na vifaa vingine, ikilipwa na watengenezaji na waagizaji. Serikali kuu huyagawia majimbo fungu hilo kwa vipimo viwili: ukubwa wa eneo la jimbo, na idadi ya watu wake wenye leseni. Maana yake, mkimbizi wa Linden anayekata leseni ya dola 25 huliongezea jimbo lake hoja ya kudai zaidi.

Tunda la mfumo huo linaonekana kwenye bwawa la Hoover, pembeni mwa Westerville. Wengi hudhani limepewa jina la rais. Sivyo, ni la ndugu wawili, Charles na Clarence Hoover, waliotumikia idara ya maji ya jiji. Bwawa lilikamilika 1955 na maji yake hunywewa na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Columbus, ndiyo maana kuogelea ni marufuku. Tangu 2011 idara ya wanyamapori imekuwa ikipandikiza humo kambare wa bluu, aina inayoweza kufikia uzito wa mtu mzima, juu ya kambare wa kawaida waliokuwamo tangu zamani.

Kambare huyo ndiye aliyerudisha uvuvi jikoni. Nyumbani kwa mzee hupikwa kwa mawese, nyanya na pilipili, na huliwa kwa bugali na sombe ya majani ya mihogo. Hata hivyo si kila jirani hufurahia. Waadventista, ambao wamo miongoni mwa Wakongo, hawali samaki asiye na magamba. Wao huomba bluegill, au huvua kambare kwa raha na kumgawia mwingine. Hivyo kiwango cha siku kikawa pia kiwango cha ujirani. Na idara za afya zina neno lao: kwa sababu ya zebaki, Ohio inashauri samaki wengi wa maji yake waliwe mara moja tu kwa wiki.

Neno hilo ni kali zaidi Buffalo. Dada mtu anaishi upande wa magharibi wa mji, karibu na bustani ya Broderick iliyo kwenye kisiwa cha Unity, ambacho kilibadilishwa jina lake la zamani mwaka 2015 kwa kuwa liliwadhalilisha wanawake wa asili wa nchi hiyo. Hapo Mto Niagara hupita kwa nguvu ukitoka Ziwa Erie, na ukingoni hukaa Waburma, Wapuertoriko, Wakongo na Wasomali, kila mmoja na ndoo yake. Mto ni mzuri kutazama. Lakini viwanda vya karne iliyopita viliacha kemikali kwenye tope la chini, na jimbo la New York hutoa maelekezo ya samaki gani aliwe mara ngapi, yakiwa na masharti mazito zaidi kwa watoto na kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa mama aliyelea watoto kwa ndagala, akiamini samaki ndiye chakula salama kuliko vyote, hakuna badiliko gumu kama hili. Ziwa Tanganyika lilimuua mvuvi kwa dhoruba, si mlaji kwa sahani.

Wajukuu hawana mzigo huo. Wao uvuvi wameupata kama somo la mchezo. Idara ya bustani ya Columbus ina kituo cha Indian Village kando ya Mto Scioto, ambako watoto wa mjini hufundishwa kuvua, kupiga kasia na kulenga mishale. Mtoto hurudi akijua kurusha mshipi kwa fimbo yenye gurudumu, ujuzi ambao babu hakuwa nao. Mzee wa Baraka alivua kwa wavu na kwa kamba ya mkononi, gurudumu lilimsokota kamba mpaka mjukuu akamwambia, "Babu, kidole kiachie mwishoni." Babu naye akamlipa kwa fundo la ndoano, lile linalokaza kadiri samaki anavyovuta, na kwa namna ya kumshika bluegill: kiganja kipite kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongoni ilale. Ukianzia mkiani, miiba husimama na mkono hutoka damu. Fundo ni la Tanganyika, samaki ni wa Ohio, na vinaelewana.

Mwaka 2024 habari ilitoka upande usiotarajiwa. Nchi nne za Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mavuno yalikuwa yamepungua kwa miaka mingi: nyavu zenye matundu madogo, wavuvi wengi kuliko zamani, na maji ya juu yanayopata joto na kuzuia rutuba ya chini kupanda. Karabai nazo zimepisha taa za LED zinazowaka usiku kucha bila mafuta. Mzee alipigiwa simu na ndugu waliobaki Baraka wakilalamika: miezi mitatu watakula nini? Alishindwa kuwajibu kirahisi. Yeye kiwango chake cha siku kinamnyima raha kidogo tu. Chao kinawanyima unga. Kanuni ileile ya kumwachia samaki muda humgharimu mvuvi wa Westerville mchana mmoja, na wa Baraka robo nzima ya mwaka.

Ndiyo maana si haki kusema Wamarekani wanajua kutunza samaki na watu wa Tanganyika hawajui. Maziwa ya bustani yanatunzika kwa sababu mlo wa jioni hautegemei ndoano, na kwa sababu kuna leseni, kodi na lori nyuma yake. Kufunga ziwa bila kumpa mvuvi namna ya kuishi kwa miezi hiyo ni nusu ya kazi.

Kwa wasomaji walio Linden na mitaa jirani, hili linafaa kujulikana mapema: kila Juni, wikendi ya Siku ya Akina Baba, Ohio huruhusu wakazi wake kuvua siku mbili bila leseni, ila ukubwa na idadi ya samaki vinabaki kama kawaida. Kentucky hufanya hivyo wikendi ya kwanza ya Juni, na New York wikendi ya mwisho ya mwezi huo. Mwenye mzee nyumbani anayekaa kutwa mbele ya televisheni kwa kukosa Kiingereza, amchukue. Na aliyetimiza miaka 60 mwenye leseni asingoje Juni. Achukue mjukuu wake, wapande CMAX, waende Schrock.