Kimeo Nilikuwa Mimi

Mtaani kwetu Tabata, kompyuta ikigoma watu huja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa fundi. Jina la "mtaalamu" nilipewa bure, nami nikalivaa kama kanzu ya Idi. Ndiyo maana maungamo haya yananiwia magumu: nilimshitaki kijana wa watu kazini kwake kwa kosa nililolitenda mwenyewe, kwa vidole vyangu, miaka mitano kabla hatujaonana.

Nilikuwa nimehama kampuni ya intaneti. Fundi alikuja asubuhi, akavuta waya wa faiba hadi sebuleni, akafunga modemu mpya na kupima kasi: megabiti 20 kwa sekunde, kama nilivyolipia. Akanywa maji, akaaga. Jioni nikakaa kwenye kompyuta nisome magazeti. Nikaandika anwani, kimya. Kiduara kikazunguka hadi chai ikaanza kupoa, ndipo vichwa vya habari vikatokea vyote kwa mpigo. Nikabofya habari ya kwanza, kiduara kikaanza tena.

Lawama nilikuwa nazo tayari hata kabla ya kuchunguza. Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki. Tangu hapo mtaani kwetu kila anayekwama husema kebo imekatika. Nami siku ya kwanza nikasema hivyohivyo. Siku ya pili nikawageukia watoto na katuni zao, nikawabadilishia nenosiri. Siku ya tatu nikaitoa modemu nyuma ya televisheni nikaipandisha juu ya kabati, nikabadili chaneli ya waifai: 1, kisha 6, kisha 11. Kiduara kikaendelea na mzunguko wake.

Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu. Ukurasa wa kupimia kasi ulichelewa kufunguka, lakini ulipofunguka ulisoma megabiti 19. Video ikishaanza haikukwama hata mara moja. Ukurasa niliotoka kuusoma sasa hivi, nikiurudia, ulifunguka papo hapo. Mtu asiye na jina la kulinda angejiuliza: kama bomba ni jembamba, mbona maji yakishaanza yanatoka kwa nguvu? Mimi nilisema kipimo kinadanganya.

Siku ya nne nikachukua pini nikabonyeza kile kitundu cha nyuma ya modemu kwa sekunde 10, niirudishe ilivyotoka kiwandani. Nilichofuta ni jina la akaunti na nenosiri ambavyo fundi alikuwa ameingiza ili modemu ikubaliwe na mtandao wa kampuni. Taa ikawa nyekundu. Sasa hata ile intaneti ya kusuasua sikuwa nayo. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Habari ya pini sikuitaja. Nilisema fundi wao kaniletea kimeo, nikataka malalamiko yaandikwe, nikataja na siku na saa aliyokuja ili asipate pa kujificha.

Alirudi kesho yake. "Shikamoo mzee." Nikaitikia kwa ncha ya ulimi. Akaingiza taarifa upya, taa ikawa kijani, kisha akaomba aiangalie kompyuta yangu kidogo. Nikamkatalia. "Kompyuta haina tatizo, mwanangu. Kazi hizi nimeanza wewe hujazaliwa." Akafunga begi lake, akavaa viatu mlangoni, akaenda.

Jumapili akaja mpwa wangu wa kidato cha tatu. Alifungua gazeti lilelile kwa simu yake, kwa waifai ileile, likaja kufumba na kufumbua. Akanitazama. "Mjomba, mbona ni kompyuta yako tu?"

Siku nane nzima sikuwa nimejiuliza hilo.

Tukafungua mipangilio ya mtandao. Kwenye nafasi ya DNS zilikuwepo namba mbili nilizoziandika kwa mkono enzi za kampuni ya zamani, siku moja iliponisumbua. Kompyuta inajua jina la gazeti tu, haijui linakaa wapi. Lazima iulize seva ya DNS, kama mgeni anavyomwuliza balozi wa nyumba kumi. Namba ya kwanza ilikuwa ya seva ya kampuni niliyoihama, na seva za aina hiyo mara nyingi huwajibu wateja wao tu. Ya pili ilikuwa 8.8.8.8, ya Google, inayomjibu yeyote. Kwa hiyo kompyuta yangu ilikuwa ikibisha hodi kwa balozi wa mtaa niliouhama, inasubiri, inakata tamaa, ndipo inakwenda kwa wa pili. Na ukurasa mmoja wa gazeti huchota picha na matangazo kwenye majina mengi, kila jina na hodi yake. Likishajulikana, jibu hukumbukwa kwa muda, na data hupita kwa kasi yote. Simu ya mpwa wangu ilikuwa ikimwuliza balozi mpya, yule anayetajwa na modemu yenyewe.

Mpwa wangu akafuta namba zangu, akaiacha kompyuta ipate DNS moja kwa moja. Haikuchukua hata dakika. Nilikuwa nimekagua bahari, watoto, kabati na fundi. Sikukagua mahali pekee palipoguswa na mkono wangu.

Ilinichukua siku mbili zaidi kupiga simu, na hizo ndizo zinazoniuma kuliko zile nane, kwa sababu sasa nilikuwa najua. Niliwaambia huduma kwa wateja ukweli wote, pamoja na pini, nikaomba malalamiko yafutwe. Kisha nikampigia fundi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilihisi, mzee," akasema. "Ndiyo maana niliiomba ile kompyuta."

Nawe msomaji, modemu mpya ikikutia wasiwasi, fungua ukurasa uleule kwa kifaa kingine, kwa waifai ileile. Ukifunguka haraka, mwache fundi wa watu, rudi kwenye kifaa chako. Na kama umeshabonyeza kile kitundu, mwambie kabla hajavua viatu.