Uniti Kumi na Tano

Nimepanga nyumba ya vyumba viwili mjini Jinja, si mbali na bwawa la Nalubaale, ambalo lilifunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Kwa muda mrefu niliishi kana kwamba jirani wa bwawa hana haja ya kuhesabu umeme. Mita ya Yaka ndiyo iliyonitia adabu. (Neno hilo ni la Kiganda, mwanafunzi wa Kiswahili atamtambua mara moja ndugu yake, kuwaka.)

Kila mwezi mambo yalikuwa yale yale. Elfu kumi za wiki ya kwanza zilininunulia uniti nyingi. Elfu kumi za tarehe ishirini zilininunulia chache. Nilimshuku kijana wa kibandani aliyeniuzia, na jioni moja nilimtolea maneno yasiyomfaa mwalimu. Baadaye nilizipanga risiti zangu mezani, nikaelewa. Uniti 15 za kwanza za mwezi ziliuzwa kwa shilingi 250 kila moja, bila kodi. Zilizofuata zilikaribia mara tatu ya bei hiyo. Nilirudi kibandani kuomba radhi. Kijana alicheka, nami nikaona haya maradufu.

Tangu hapo nilianza kuisoma mita kama ninavyosoma insha za wanafunzi. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa nzima hula uniti moja. Pasi niliyoipasha kila alfajiri kwa ajili ya shati moja, sasa huwaka Jumapili tu, kwa nguo za wiki nzima. Maji ya chai huchemshwa mara moja na kutiwa katika chupa. Taa hazikunisumbua sana. Balbu ya wati 9 hula kidogo mno.

Kazi ngumu ilikuwa Mbale, kwa Mama. Yeye hushika kwamba umeme ni wa kuangazia, makaa ni ya kupikia, ingawa gunia la makaa humtoa jasho kila linapokwisha. Nilimpelekea sufuria ya presha ya umeme. Tuliloweka maharagwe usiku kucha, tukayapika asubuhi, nami nikasoma mita kabla na baada: haikufika uniti moja. Mama hakuitazama mita. Alionja.

“Yameiva,” alisema, “lakini malewa hutayapika humo, mwanangu.”

Sikubishana naye. Malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yangali yanapikwa juu ya sigiri, pamoja na karanga za kusaga. Maharagwe yamehamia kwenye umeme, na gunia sasa hukaa muda mrefu zaidi. Mimi ndiye ninayemnunulia umeme kwa simu na kumtumia zile tarakimu 20. Kila tarehe mosi, kabla sijaamka vizuri, yeye ndiye hupiga: “Shikamoo yako baadaye. Zile za bei rahisi zimeanza?”