Mchu Mbele ya Bustani Yangu



Mimi nakaa Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Miaka minne iliyopita maji ya bamvua yaliingia bustanini kwangu. Mchicha wote ulikufa. Ukingo nao ukamegeka.

Mke wangu alisema, "Panda mchu." Nilicheka. Nani anapanda mti wa matopeni bustanini?

Niliokota mbegu mbichi. Usizikaushe, wala usizifukie. Zibonyeze kidogo tu kwenye tope.

Mchu hauzuii chumvi yote. Inayopenya mizizini unaitoa kupitia majani. Lamba jani, utaionja! Lakini mizizi yake inashika udongo. Kwangu maji hufika mara chache, umebaki kichaka kifupi. Maua yake ni madogo, ya njano. Nyuki wanayapenda.

Mchicha sasa naupanda huku juu. Mke wangu anadai mzinga.